Kubadilisha na kufufua BIOS ya kompyuta ya mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusudiwa mtu mwenye kompyuta ya mezani ambaye ama anataka kuisasisha au kuibadilisha programu dhibiti ya ubao mama wake, ama ameshaiharibu na sasa anatazama skrini nyeusi. Kompyuta mpakato hazikujumuishwa, kwa kuwa betri yake na kidhibiti chake cha kibodi huleta masharti mengine. Mwenye haraka anaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali linalomhusu, isipokuwa anayekusudia kuandika chochote kwenye chipu. Huyo asome kwanza jibu linalohusu faili ya kuandika.

BIOS ni nini hasa, na inakaa wapi?

Kila ubao mama, au madabodi kama mafundi wengi wanavyouita, una chipu ndogo ambayo kumbukumbu yake haifutiki umeme unapozimwa. Ndani yake mna programu ambayo prosesa huitekeleza kabla ya nyingine yoyote: huiandaa RAM, huvitambua vifaa vilivyounganishwa, kisha huikabidhi mashine kwa mfumo endeshi. Jina BIOS limebaki midomoni tangu enzi za kompyuta ya IBM ya 1981, ingawa mbao zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 karibu zote zinatumia UEFI, ambayo kwa ndani ni kitu kingine kabisa. Hapa tutaendelea kusema BIOS kwa zote mbili, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema.

Chipu yenyewe ina miguu minane na huzungumza kwa njia iitwayo SPI. Juu yake huandikwa namba kama W25Q64 au W25Q128 ikiwa ni ya Winbond, au namba inayoanza na MX25 ikiwa ni ya Macronix. Tarakimu 64 na 128 zinahesabu megabiti, hivyo gawanya kwa 8 upate MB 8 na MB 16. Kosa la kudhani kwamba W25Q64 ina MB 64 ni la kawaida sana, na humfanya mtu aitilie shaka nakala yake iliyo sahihi.

"Kuflashi" maana yake nini hapa?

Ni kufuta yaliyomo kwenye chipu na kuandika mengine. Neno hili limetujia kupitia mafundi wa simu, na linachanganya kidogo kwa sababu kijiti cha USB nacho tunakiita flashi. Katika ukurasa huu, flashi ni kijiti cha USB, na kazi ya kubadilisha yaliyomo kwenye chipu tutaiita kuandika.

Je, ni lazima nisasishe BIOS ya mashine inayofanya kazi vizuri?

Kwa kawaida si lazima, na mtu asiye na sababu inayotajika aiache ilivyo. Hata hivyo zipo sababu za kweli. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua ndani ya soketi ya AM5, na masasisho yaliyofuata yaliweka kikomo cha volti 1.3 kwenye umeme wa sehemu ya SoC. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikidhoofika kwa kupewa volti za juu kupita kiasi, ikatoa msimbo mdogo (microcode, maelekezo ya ndani ya prosesa) wa 0x129 mwezi Agosti na wa 0x12B mwezi Septemba. Mwenye prosesa hizo asisubiri, kwa maana sasisho huzuia madhara mapya lakini haliponyi prosesa iliyokwisha kudhoofika.

Jambo jingine ni vyeti vya Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu zinazoanzisha mfumo endeshi. Vyeti vya Microsoft vya 2011 vilivyohifadhiwa ndani ya UEFI vimepangiwa kuanza kuisha muda wake Juni 2026. Mashine isiyopata vyeti vipya haitagoma kuwaka siku hiyo, lakini itakosa masasisho ya usalama ya sehemu zinazoanzisha mfumo endeshi.

Sababu ya nne, na hii ndiyo inayowaletea watu matatizo mengi zaidi, ni kubadilisha prosesa. Ubao wa AM4 wa 2017 unaweza kupokea prosesa za miaka iliyofuata, ila tu kama BIOS yake inazifahamu. Ryzen 3000 zilipotoka mwaka 2019, baadhi ya watengenezaji walikuta chipu zao za MB 16 hazitoshi, wakalazimika kupunguza menyu za picha au kuziondoa prosesa za zamani kwenye orodha. Kwa hiyo mtu ananunua prosesa mpya, anaifunga, feni zinazunguka, skrini haiwaki, naye anarudi dukani akidai ameuziwa kibovu. Prosesa ni nzima na ubao ni mzima. Ni kwamba havijatambulishana. Irudishe prosesa ya zamani, sasisha, kisha funga mpya.

Nijiandae vipi kabla ya kusasisha?

Thibitisha jina kamili la ubao pamoja na namba ya marekebisho yake. Gigabyte, kwa mfano, huchapa kitu kama "Rev 1.0" au "Rev 1.1" kwenye kona ya ubao, na faili ya moja si lazima iifae nyingine. Rudisha mipangilio yote kwenye hali ya kiwanda, hasa kama uliongeza kasi ya RAM au ya prosesa. Weka faili kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, kisha sasisha ukiwa ndani ya menyu ya BIOS yenyewe badala ya kutumia programu ya Windows, ambako kingavirusi au programu nyingine inaweza kuingilia kati.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, simamisha ulinzi huo kwa muda na uhakikishe funguo ya kurejeshea unayo mahali pengine nje ya mashine hiyo. Sasisho linaweza kuifuta TPM, hifadhi ya funguo za siri iliyomo ndani ya programu dhibiti, na Windows ikiamka itadai funguo ya tarakimu 48. Nimeona watu waliofanikiwa kusasisha BIOS bila hitilafu yoyote wakapoteza mafaili ya miaka kwa sababu ya tarakimu hizo.

Umeme ukikatika katikati ya zoezi, itakuwaje?

Inategemea umekatika wakati gani. Zoezi huchukua dakika chache, na hatari kubwa ipo pale sehemu ya mwanzo ya programu inapokuwa imefutwa na bado haijaandikwa upya. Mbao nyingi hujaribu kuiacha sehemu hiyo bila kuguswa ili mashine ibaki na uwezo wa kusoma faili ya uokoaji kutoka kwenye flashi, lakini si zote. Kwa wanaoishi na mgao wa umeme, UPS yenye betri nzima ni ya lazima. Jenereta haitoshi, kwa kuwa sekunde zile za kubadilisha kutoka umeme wa gridi hadi wa jenereta zinatosha kuizima mashine.

Nimesasisha, sasa skrini ni nyeusi. BIOS imekufa?

Huenda bado. Baada ya kusasisha, mashine huipima RAM upya, na kwenye mbao za DDR5, hasa za AM5, upimaji huo unaweza kuchukua dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi na mashine ikijizima na kujiwasha. Subiri dakika 15 kabla ya kugusa chochote. Mashine nyingi zilizoletwa kwa mafundi zikiwa zimekufa kweli ziliuawa na mwenye mashine aliyechomoa waya dakika ya tatu.

Dakika 15 zikipita, futa mipangilio: zima, chomoa waya wa umeme, kisha tumia jampa ya kufutia (pini ndogo zinazounganishwa kwa kifuniko) iliyo kwenye ubao au toa betri ya saa, ile CR2032 ya volti 3, kwa dakika chache. Jaribu kwa kijiti kimoja cha RAM, bila kadi ya picha kama prosesa ina picha zake yenyewe. Sikiliza kama kuna mlio. Hayo yote yakishindikana, na kama mashine ilikuwa nzima hadi dakika ya kusasisha, ndipo unapokuwa na haki ya kuishuku chipu.

Je, kutoa betri hakuirudishi BIOS ya zamani?

Hakuirudishi. Betri inalisha saa na kumbukumbu ndogo ya mipangilio. Programu yenyewe imo kwenye chipu ya SPI, ambayo haihitaji umeme ili ikumbuke. Tena kwenye mbao za UEFI sehemu kubwa ya mipangilio imehamia kwenye chipu hiyohiyo, ndiyo maana wakati mwingine hata mipangilio haifutiki yote kwa kutoa betri.

Ni njia gani za uokoaji zinazotolewa na watengenezaji?

Bora kuliko zote ni kitufe cha nyuma ya mashine kinachoandika BIOS bila kuhitaji prosesa wala RAM. ASUS wanakiita USB BIOS Flashback, MSI wanakiita Flash BIOS Button, na Gigabyte wanayo Q-Flash Plus. Unaunganisha pawasaplai, unachomeka flashi kwenye tundu lililowekewa alama (si tundu lolote), unabonyeza kitufe, na taa inaanza kupepesa. Kwa ASUS kitufe hushikiliwa sekunde 3 hadi taa ipepese mara tatu. Taa ikibaki imewaka bila kupepesa, faili haikusomwa. Jina la faili ndilo linalowaangusha wengi: MSI wanataka MSI.ROM, Gigabyte wanataka GIGABYTE.bin, ASRock wanataka creative.rom, na ASUS wanaweka programu ndogo ya kubadilisha jina ndani ya kifurushi cha faili. Windows ikiwa imeficha viambishi vya majina, mtu hujikuta ameandika MSI.ROM.ROM bila kujua.

Mbao nyingi za Gigabyte za miaka iliyopita zina chipu mbili, moja ikiwa ya akiba. Kompyuta za Dell za miaka ya karibuni huingia kwenye uokoaji ukishikilia Ctrl na Esc wakati wa kuwasha, huku flashi yenye faili ya BIOS_IMG.rcv ikiwa imechomekwa. Kwa HP nyingi ni kitufe cha Windows pamoja na B. Mashine zao za kundi la Elite zenye Sure Start hujirekebisha zenyewe kutoka kwenye nakala iliyofichwa.

Ubao wangu hauna kitufe hicho, na njia nyingine zimeshindikana.

Hapo inabaki kuiandika chipu moja kwa moja kwa kifaa cha nje. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni CH341A, kibao kidogo kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta nyingine, pamoja na klipu ya miguu minane. Raspberry Pi inafaa vilevile, na kwa baadhi ya chipu inafaa zaidi.

Chomoa waya wa umeme wa kompyuta mgonjwa, toa betri ya saa, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia uishe. Itafute chipu karibu na chipuseti, ile chipu kubwa inayoratibu vifaa vya ubao, na usome namba yake kwa lenzi au kamera ya simu. Mguu wa kwanza umewekewa nukta. Waya mwekundu wa klipu unakaa upande huo. Ikamatishe klipu kwanza, ndipo uchomeke CH341A kwenye USB. Klipu iliyogeuzwa inapeleka umeme kwenye mguu usiostahili, na chipu ikianza kuwa ya moto kidoleni chomoa mara moja. Yangu ya kwanza niliigundua kwa harufu.

Ukitumia Linux, programu huru ya flashrom inatosha: amri ya flashrom -p ch341a_spi -r nakala1.bin inasoma chipu yote na kuihifadhi. Soma mara ya pili kwa jina nakala2.bin, kisha linganisha mafaili hayo mawili kwa amri ya sha256sum. Yakitofautiana hata kwa baiti moja, klipu haijakaa vizuri au miguu ina uchafu: isafishe kwa spiriti na uanze upya. Usiandike chochote mpaka usomaji mara mbili ulingane. Nakala ya BIOS iliyoharibika nayo ni nakala yenye thamani, kwa sababu utakayoona katika jibu la faili ya kuandika.

Wakati mwingine chipu haitambuliki kabisa ikiwa kwenye ubao, kwa sababu umeme wa klipu unavuja kwenda kwenye chipuseti nzima na volti inashuka. Jaribu waya mfupi zaidi au punguza kasi ya kusoma kama unatumia Raspberry Pi. La mwisho ni kuing'oa chipu kwa hewa ya moto, kazi ambayo asiyezoea kulehemu asiianzie kwenye ubao anaoutegemea. Wenye baadhi ya mbao za ASUS za miaka ya 2012 hadi 2014 wana bahati, kwa maana chipu zao zimekaa kwenye soketi na zinachomolewa kwa kibanio. Chipu bapa za aina ya WSON, ambazo miguu yake imejificha chini, hazishikiki kwa klipu hii.

Nimesikia CH341A inaua chipu. Ni kweli?

Toleo jeusi linalouzwa sana lina kasoro inayojulikana: chipu inalishwa volti 3.3 ipasavyo, lakini nyaya za data hupanda hadi volti 5. Chipu nyingi za volti 3.3 huvumilia hilo kwa muda mfupi, lakini kuvumilia si kusema ndicho zilichotengenezewa, tena kwenye ubao volti hiyo inafika pia kwenye chipuseti. Pima kwa multimita. Ipo njia ya kurekebisha kwa kulehemu waya mmoja, na yapo matoleo mapya yenye swichi ya kuchagua volti. Chipu za volti 1.8, kama W25Q128FW na zile za Macronix zinazoanza na MX25U, zinahitaji adapta ya kushusha volti bila mjadala.

Niandike faili gani? Si nipakue tu ile ya mtengenezaji?

Hapa ndipo mashine nyingi zinapofufuka nusu. Chipu iliyo kwenye ubao wako ina mambo ambayo hayamo katika faili ya kupakua, na yakifutwa hayapatikani tena popote.

Kwenye mbao za Intel chipu imegawanywa katika maeneo. La kwanza ni ramani, KB 4 tu, ambayo unaitambua kwa baiti 5A A5 F0 0F zinazoanza kwenye nafasi ya 16 ya faili. Linaweza kufuatwa na eneo la GbE, KB 8, lenye anwani ya MAC ya tundu la mtandao. Lipo eneo la Management Engine, programu ya kidhibiti kidogo cha Intel kilicho ndani ya chipuseti. Na mwisho BIOS yenyewe, ambamo pia huhifadhiwa namba ya mashine, UUID, na kwa kompyuta zilizokuja na Windows 8 au ya baadaye, funguo ya Windows. Ukiandika faili tupu ya kiwandani, mashine inawaka, unashangilia, kisha unagundua kwamba Windows inadai kuidhinishwa na anwani ya MAC imekuwa 88:88:88:88:87:88, ambayo ni ya kujazia tu. Mashine moja ya namna hiyo haina tatizo kubwa. Mbili kwenye mtandao mmoja wa ofisi zitagombana, na atakayetafuta chanzo atakagua nyaya kwa wiki nzima. Management Engine nayo ikiandikwa vibaya, kompyuta huzungusha feni kwa kasi yote au hujizima kila baada ya dakika 30, kwa usahihi wa saa ya ukutani.

Kwa hiyo chukua nakala uliyosoma kwenye chipu yako, hata kama ina kasoro, na ndani yake ubadilishe eneo la BIOS peke yake kwa lile la faili ya mtengenezaji, ukiacha ramani, GbE na Management Engine yako kama zilivyo, isipokuwa moja kati ya hizo ndiyo iliyoharibika. Kwa kuwa namba ya mashine na funguo ya Windows zinakaa ndani ya eneo la BIOS, hizo utazitafuta kwenye nakala yako na kuzirudisha mahali pake. Kukopa nakala nzima kutoka mashine nyingine ya aina hiyohiyo ni njia ya mwisho, kwa sababu unaazima na utambulisho wake.

Angalia pia umbo la faili. Mafaili mengi ya ASUS yenye kiambishi .CAP yana kofia ya baiti 2,048 mwanzoni ambayo lazima ikatwe. Faili za Dell na HP za .exe ni vifurushi vinavyofunguliwa kwanza. Kipimo ni kimoja: faili unayoiandika iwe na ukubwa uleule wa chipu, baiti kwa baiti. Kwenye OptiPlex 9020 jumla ni MB 12 iliyogawanywa kati ya chipu mbili, MB 8 na MB 4, na kila moja inasomwa na kuandikwa peke yake.

Nataka kompyuta ya zamani iweze kuwaka kutoka diski ya NVMe. Inawezekana?

NVMe ni SSD inayopita kwenye njia za PCIe badala ya SATA. Inawezekana, na ndiyo sababu inayowafanya wengi waguse BIOS za mashine za kizazi cha tatu na cha nne cha Intel, ambazo zimejaa kwenye soko la kompyuta zilizotumika. Mashine hizo zina njia za PCIe zinazoweza kuipokea diski kwa adapta ya bei ndogo, na Windows 10 inaiona bila shida; kinachokosekana ni moduli ndani ya UEFI inayojua kuisoma diski hiyo kabla mfumo endeshi haujapakiwa.

Kwa mbao zenye UEFI ya AMI Aptio IV, moduli iitwayo NvmExpressDxE huingizwa kwa programu ya UEFITool toleo la 0.28; matoleo mapya yenye alama ya NE yanaonyesha tu yaliyomo bila kubadilisha. Unaifungua faili, unalitafuta eneo lenye moduli za DXE (hatua ya UEFI inayopakia viendeshi), unakwenda hadi moduli ya mwisho ya aina hiyo, unaingiza mpya baada yake, na unahifadhi. Kisha ifungue faili uliyohifadhi kando ya ile ya awali na uzilinganishe moduli moja moja. Mafaili ya kujazia yakiongezeka au kupungua mahali ambapo hukugusa, usiiandike. Programu imepanga upya vitu ambavyo ubao unatarajia kuvikuta mahali maalumu.

Baada ya kufanikiwa usishangae diski ikitajwa kwenye menyu kama "PATA". Windows isakinishwe kwa njia ya UEFI kwenye diski iliyogawanywa kwa mpangilio wa GPT, na uchague Windows Boot Manager katika mpangilio wa kuwasha.

Kabla ya yote hayo, jiulize unapata nini. SATA inaishia MB 600 kwa sekunde, wakati tundu la PCIe 2.0 la njia nne linaishia GB 2, na la PCIe 3.0 karibu GB 3.9. Tofauti inaonekana kwa anayenakili video kubwa. Kwa kompyuta ya kuandikia barua na kutunza hesabu za duka, hatua kubwa ni ile ya kutoka diski ya kuzunguka hadi SSD ya SATA, na hiyo haihitaji kuigusa BIOS. Hata anayetaka NVMe anaweza kuweka Clover, programu ya kuanzishia mfumo endeshi, kwenye flashi ndogo ikabaki imechomekwa daima ikibeba moduli hiyo. Mimi ningeanza na njia hiyo.

Kwa nini ubao unaikataa faili niliyoibadilisha?

Kwa sababu imesainiwa. Programu ya kusasisha hukagua saini ya mtengenezaji, na badiliko la baiti moja huivunja. Isitoshe, chipuseti hufunga maeneo ya chipu yasiandikwe mfumo endeshi ukiwa unafanya kazi. Baadhi ya mbao zina jampa ya kufungua kufuli ya ramani, kama ile ya OptiPlex 9020 iliyoandikwa SERVICE_MODE, na kifaa cha nje hupita kufuli zote hizo.

Kifaa cha nje hakipiti Boot Guard, ulinzi wa Intel. Tangu kizazi cha Haswell cha 2013, Intel imewapa watengenezaji uwezo wa kuchoma alama ya funguo yao ndani ya chipuseti mara moja na milele. Pale ilipowashwa, mashine huikagua BIOS kabla ya kuitekeleza, na iliyobadilishwa katika sehemu zinazolindwa haiwaki hata ukiiandika kwa usahihi gani. AMD wana ulinzi unaofanana nao. Mbao zinazouzwa rejareja kwa wajenzi wa kompyuta mara nyingi huachwa bila kufungwa. Za kampuni kubwa za kompyuta za ofisini mara nyingi hufungwa.

Naweza kurudi toleo la zamani?

Mara nyingi ndiyo, lakini maelezo ya kila toleo yasomwe kwanza. Baadhi ya matoleo huzuia kurudi nyuma kwa sababu za usalama.

Vipi coreboot au Libreboot?

Hizi ni programu dhibiti huru zinazowekwa badala ya ile ya mtengenezaji, na Libreboot imejengwa juu ya coreboot. Mradi wa coreboot ulianza mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos, Marekani, ukiitwa LinuxBIOS, na jina lilibadilishwa mwaka 2008. Kwa kompyuta za mezani orodha ya mbao ni fupi, ila OptiPlex 9020 imo, na kwa upande wa mbao mpya MSI PRO Z690-A imo kupitia Dasharo, toleo linalotokana na coreboot. Kama ubao wako haumo kwenye orodha, kuandika coreboot ya ubao unaofanana nao ni kujitafutia skrini nyeusi.

Nimenunua kompyuta iliyotumika, ina nenosiri la BIOS.

Kwanza mrudie muuzaji, kwa maana nenosiri lisilojulikana linaweza kuwa dalili kwamba mashine haikuachiwa kihalali na ofisi ilikotoka. Ikiwa umiliki hauna shaka, mbao nyingi za mezani za Dell zina jampa iliyoandikwa PSWD: iondoe, washe, zima, irudishe. Kwenye mashine nyingine nenosiri limo ndani ya chipu, na kutoa betri hakulifuti.

Kirusi kinaweza kuingia kwenye BIOS?

Kinaweza. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi cha CIH, kilichoandikwa Taiwan, kilifuta chipu za BIOS za kompyuta nyingi duniani. Mwaka 2018 kampuni ya ESET ilieleza LoJax, kilichojificha ndani ya UEFI na kunusurika hata diski ilipobadilishwa. Kuandika upya eneo lote la BIOS kwa kifaa cha nje, kutoka faili safi ya mtengenezaji, hukiondoa.

Nikiamua kumpelekea fundi, nimwombe nini?

Mwambie toleo ulilokuwa nalo, ulilojaribu kuweka, na kilichotokea dakika kwa dakika. Muulize kama ataandika chipu kwa faili ya mtandaoni au kwa kutengeneza kutoka nakala yako, na jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi. Kabla mashine haijaandikwa, akupe faili aliyoisoma kwenye chipu, uondoke nayo kwenye flashi yako.